Kisanduku cha Njano

Kabla hajaingia kwenye kompyuta, Fundi Rangi alikuwa mchoraji wa kutani. Vinyozi, maduka ya dawa, karakana, shule za chekechea: ukitaka mkasi mkubwa mlangoni au sungura anayesoma kitabu, unamwita yeye, anakuja na ngazi yake na makopo matatu. Kompyuta alijifundisha mwenyewe akiwa na miaka thelathini na minane, umri ambao wengi wetu tumeshaamua kwamba tunachokijua kinatosha. Tulipomwajiri kwenye tovuti yetu kutengeneza matangazo, alikuja na tabia zote za ukutani. Mojawapo ilikuwa kurudi nyuma. Akimaliza kuchora kitu kwenye skrini anainuka, anarudi nyuma hatua tano, anafumba jicho moja na kutazama. Hatua ya tano ilikuwa meza yangu. Yule mtu amenimwagia chai mara nyingi kuliko wanangu wote watatu wakiwekwa pamoja.

"Samahani, Mama Koma," anasema, na wala hageuki.

Mama Koma ni mimi. Nilikuwa nasahihisha lugha ya kila kilichopanda kwenye tovuti, na jina hilo alinibandika yeye wiki yake ya kwanza. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya madirisha ya alumini, kwa hiyo msumeno ulikuwa unalia miguuni petu kutwa. Tulitoa habari za mji: barabara gani imefungwa, maji yatakatika mtaa upi, kazi gani zimetangazwa. Na upande wa kulia wa ukurasa, tangu siku ya kwanza, kulikuwa na kisanduku cha njano chenye ukingo mweusi. Juu kimeandikwa UMEMWONA? Chini kuna picha ya mtu, nguo alizovaa na namba ya simu. Waliopotea tulikuwa tunawatangaza bure. Sitii chumvi nikisema watu walikiamini kile kisanduku kuliko habari zetu zote. Mtoto anapotea asubuhi, adhuhuri yuko kwao anakula.

Mkuu wetu tulimwita Asilimia. Hakujua kuongea bila hilo neno. Hata tulipomuuliza hali ya mkewe aliyelazwa alisema amepona asilimia themanini. Jumatatu moja alitoka chumbani kwake macho yamemtoka. Kati ya watu elfu moja waliofungua ukurasa wetu, akasema, waliobofya matangazo walikuwa watatu. "Watatu! Hata mkiweka picha ya ukuta mtupu watabofya watatu kwa bahati mbaya!"

Fundi Rangi aliinuka, akarudi nyuma, nikawahi kushika kikombe changu. Alitazama ukurasa mzima kwa jicho moja kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na kile cha njano, wanabofya wangapi?"

Walikuwa mia moja na thelathini kwa kila elfu.

Kesho yake tangazo la duka la viatu lilipanda. Njano ile ile, ukingo ule ule, herufi zile zile. UMEMWONA? Picha ya mwanamume mwenye uso wa huzuni, na chini yake: "Alitoka nyumbani saa moja asubuhi, na hadi sasa hajarudi." Ukibofya usome zaidi unaambiwa hajarudi kwa sababu viatu vyake vipya havichoshi. Tulicheka ofisi nzima. Mimi ndiye niliyeiweka ile koma baada ya "asubuhi", na nilimpa mkono wa pongezi, kwa hiyo katika ninayoyasema hapa sijitoi.

Waliobofya wakatoka watatu wakafika tisini na wanne. Asilimia alimnunulia Fundi Rangi kiti cha kuzunguka, cha pili kwa ukubwa pale ofisini. Baada ya viatu likaja godoro: "Hajaonekana tangu jana, yuko kitandani." Yakaja mafuta ya nywele, zikaja simu. Siku nyingine ukurasa ulikuwa na visanduku vinne vya njano na ndani yake hakuna hata mtu mmoja aliyepotea.

Siku moja nilimuuliza Fundi Rangi, "Na wale wa kweli?"

"Watu si wajinga, Mama Koma. Watatofautisha."

Na kweli hawakuwa wajinga. Wiki ya sita namba zilianza kushuka. Alinionyesha ramani fulani ya ukurasa wetu: mahali ambapo vidole vya wasomaji vinatua panakuwa pekundu, mahali wasipogusa panakuwa pa bluu. Habari nyekundu, ratiba ya maji nyekundu kabisa. Upande wa kulia ulikuwa wa bluu kuanzia juu hadi chini, hata pale ambapo siku ile kulikuwa na mtoto aliyepotea kwelikweli. Yule mtoto alipatikana na jirani, si kupitia kwetu. Fundi Rangi alisema taratibu, "Wanakiruka. Wameshajua ni cha kudanganyia." Alimpelekea Asilimia ile ramani. Asilimia akamwambia kama wanakiruka kimoja, basi aweke viwili. Naye akaweka viwili. Hakushikiwa bunduki, lazima niseme hivyo. Alikuwa na watoto shuleni na kiti cha kuzunguka, akaweka viwili.

Jumatano, saa tatu na robo asubuhi, mzee mmoja alipanda ngazi zetu akihema. Alikuwa na tepu ya kupimia nguo shingoni, ameisahau pale. Mkononi alishika picha ya mwanamke mwenye gauni la bluu na kola nyeupe.

"Hapa ndipo mnapotangaza waliopotea?"

Fundi Rangi alikuwa karibu na mlango. "Ndipo, baba. Karibu ukae."

Mzee hakukaa. Alikuwa fundi cherehani, na aliyepotea alikuwa mkewe, mwenye miaka sitini na saba. Miaka miwili sasa alikuwa anasahau. Alisahau majirani, akasahau njia ya kwenda kwa dada yake, ila mumewe alikuwa bado anamjua na nyumba yake alikuwa bado anaijua. Alikuwa pia na ugonjwa wa sukari. Saa mbili asubuhi mzee alimchoma sindano yake, akaenda jikoni kumwandalia chakula. Aliporudi na sahani, mlango ulikuwa wazi.

"Sindano ameshapata, chakula hajala," mzee alisema. "Unanielewa, mwanangu? Ile sindano inashusha sukari. Asipokula itashuka mpaka aanguke. Daktari alituambia, anaanza kutoka jasho, anaongea ovyo kama mlevi, halafu analala. Na akilala hivyo..."

Kwa polisi ameshafika, alisema, na wanawe wawili wako barabarani na pikipiki, kila mmoja na upande wake. Polisi ndio waliomwambia aje kwetu, kwamba kile kisanduku kinasaidia sana. Polisi hawakuwa wamefungua tovuti yetu siku nyingi.

Niliutazama uso wa Fundi Rangi. Alikuwa amekauka. Lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kazi, na saa tatu na nusu yule mama alikuwa juu ya ukurasa, kwenye kisanduku cha njano, picha safi, maandishi makubwa, namba ya simu ya mzee chini. Nilikisoma mara mbili. Sikuona kosa.

Sasa mzee alikubali kukaa. Tulimpa kile kiti cha kuzunguka. Akaweka simu yake mezani mbele yake na kushika magoti kwa mikono miwili. Kwenye kona ya skrini kulikuwa na namba mbili, na mzee, ambaye maisha yake yote amesoma namba kwenye tepu, aliziona mara moja.

"Hizi ni za nini?"

"Hii kubwa ni watu waliofungua ukurasa tangu tulipomweka mama," Fundi Rangi alisema. "Hii ndogo ni waliobofya kumsoma."

Kubwa ilikuwa mia nane na kumi. Ndogo ilikuwa mbili.

Tukasubiri. Msumeno ulilia chini, ukanyamaza, ukalia. Elfu moja na mia mbili, tatu. Elfu moja na mia tisa, tano. Simu ya mzee ililala kimya mezani, na kila mara aliigusa kuhakikisha kama ina chaji. Mwanawe mmoja alipiga kusema sokoni hayupo. Mwingine akapiga kusema kwa shangazi hayupo. Nilikuwa na habari ya ufunguzi wa daraja mbele yangu na sikuweza kusoma hata mstari mmoja.

Saa nne kamili simu ikaita kwa namba ngeni. Mzee aliidaka kwa mikono miwili, akaiweka sauti ya juu ili sote tusikie.

"Haloo," alisema mwanamke upande wa pili, mchangamfu. "Nimeona tangazo lenu. Lile gauni la bluu mnauza kiasi gani?"

Mzee alitutazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Kisha akajibu, kwa adabu ambayo mimi nisingekuwa nayo, "Si la kuuza, mama. Nilimshonea mke wangu." Akakata.

"Kwa nini ameniuliza bei?" akasema. "Na hawa elfu mbili, wamemwona, mbona hawamsomi? Watu wamekuwa na roho mbaya hivi?"

Hapo palikuwa na mwanya. Fundi Rangi angeweza kusema mtandao uko chini, au watu wako kazini, na mzee angeamini, kwa sababu alikuwa tayari kuamini chochote. Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Nilijua anapima, kwa sababu na mimi nilikuwa napima, na nikashusha macho kwenye karatasi zangu kama mwoga.

"Watu hawana roho mbaya, baba," Fundi Rangi alisema. "Ni mimi."

Alipiga magoti kando ya kiti akamweleza. Hakuzungusha maneno. Alimfungulia tangazo la viatu, akamfungulia la godoro, akamwonyesha kwamba njano ni ile ile. Tumewazoesha kwamba ndani ya hiki kisanduku kuna uongo, alisema, na sasa mama yumo ndani yake na wanadhani ni uongo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Sikuwa nimewahi kuona mtu akizeeka mbele yangu.

"Basi mtoeni humo," alisema.

Fundi Rangi aliruka kwenye kompyuta. Kwanza akaupaka ukingo rangi nyekundu. Akakuza picha. Akafanya maandishi yawake na kuzima, yawake na kuzima. Nikashindwa kujizuia, nikamfokea, "Unafanya nini wewe? Unazidi kulifanya tangazo! Kadiri linavyopiga kelele ndivyo watakavyoliruka!"

Alirudi nyuma hatua tano, akagonga meza yangu, akatazama. "Kweli," alisema.

"Mweke kwenye ratiba ya maji," nikamwambia. "Ile wanaisoma mstari kwa mstari. Andika kama mtaa mmojawapo, herufi zile zile ndogo. Watafika kwenye jina lake kabla hawajajua."

Lilikuwa wazo zuri, na bado naamini lingefanya kazi. Aliweka kidole kwenye kipanya, akakiondoa. "Hapana, Mama Koma. Ndivyo nilivyofanya na njano. Leo nitampata huyu mama, kesho hakuna atakayeamini hata habari ya maji."

"Kesho ya nani?" nilimwambia kwa hasira. "Huyu hana kesho ukikaa unachagua!"

Mzee alikuwa anatutazama kwa zamu, mimi, yeye, mimi. Saa ilikuwa nne na dakika ishirini.

Fundi Rangi akaanza kufuta. Alifuta viatu, akafuta magodoro, akafuta simu, akafuta habari na picha zote, mpaka ukurasa ukabaki mweupe kama ukuta uliopigwa chokaa. Kisha akaandika kwa herufi nyeusi za kawaida, bila kisanduku:

"Sisi wenye tovuti hii tulichukua kisanduku cha waliopotea tukakitumia kuwauzia vitu. Tuliwadanganya. Aliyeanza ni mimi. Leo kuna mama amepotea kweli. Amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe. Amechomwa sindano ya sukari na hajala. Mkimwona kama amelewa, hajalewa. Kama anaweza kumeza, mpeni kitu kitamu, na mkimbizeni hospitali. Msiponiamini, nastahili kutoaminiwa, lakini tazameni tu mlipo."

Chini akaweka jina lake, la baba yake na la babu yake, na namba yake ya simu. Chini yake picha ya mama. Sikusahihisha chochote.

Asilimia alitokea mlangoni. Sijui nani alimwambia. Labda aliona kwenye simu yake kwamba matangazo yametoweka. "Nini hiki? Wenye matangazo wamelipia mpaka mwisho wa mwezi! Unawaandikia watu kwamba sisi ni matapeli?"

"Bado sijakipandisha, bosi."

"Na hutakipandisha. Ukibofya hapo, kesho usije."

Mzee akainuka kwenye kiti cha kuzunguka. Alisimama tu na tepu yake shingoni, na Asilimia, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mtu wa namba, alimwona kwa mara ya kwanza. Akatazama pembeni. Fundi Rangi akabofya.

Simu zilianza baada ya dakika mbili. Ya kwanza ilikuwa ya matusi. Ya pili pia. Wa tatu alicheka akasema safari hii mmejitahidi, mnauza nini, dawa ya sukari? Fundi Rangi alimjibu kila mmoja, "Asante, lakini mama amepotea kweli, tafadhali tazama ulipo," na jasho likimtoka. Namba kubwa ilipanda kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona hata siku ya uchaguzi. Kijana mmoja wa mzee akapiga akisema watu wanamsimamisha njiani kumuuliza. Mwanamke mmoja alisema amemwona mama wa bluu karibu na shule. Tukamtuma kijana, kumbe ni mwalimu. Saa tano kasoro. Saa tano. Mzee alikuwa anahesabu kwa vidole saa tangu sindano, anafika tatu, anaanza upya.

Saa tano na dakika kumi na mbili ikaja sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu anayekimbia. Alikuwa mlinzi wa ghala la saruji upande wa reli. "Yuko hapa. Gauni la bluu. Tulidhani amelewa, tumemwacha alale. Nimempaka sukari kwenye ufizi, hamezi. Tunampakia kwenye gari sasa hivi."

Mzee alishuka ngazi mbele yetu sote, miaka yake yote sabini na kitu, na hatukumfikia mpaka barabarani.

Hospitalini walimwingiza ndani tukabaki kwenye benchi la korido. Mlinzi alikuwapo, mikono yake imejaa vumbi la saruji. Mzee alipoitwa na daktari, yule mlinzi alimsogelea Fundi Rangi. Alisema hawezi kukaa nalo. Mama alifika pale ghalani kama saa tatu, akaomba akae kwenye kiti chake kivulini, akakaa. Alikuwa mzima, anaongea, alimwambia anamsubiri mumewe anamletea chakula. Naye mlinzi alikuwa na simu mkononi, anatafuta ratiba ya maji.

"Nikaona kisanduku," alisema. "Nimemwona kabisa, na gauni lake. Sikufikiria hata kidogo. Kidole kikapita chenyewe. Na mwenyewe amekaa hapo, kama ulivyokaa wewe."

Fundi Rangi alimshika bega.

Mzee alitoka saa nane. Daktari alikuwa amemwambia mkewe ataishi. Ila ubongo ulikaa na njaa muda mrefu, na kwa mtu ambaye tayari alikuwa anasahau, kilichopotea hakitarudi. Ameamka, mzee alisema. Amekunywa maji. Amemtazama, akamuuliza yeye ni nani na kwa nini anamshika mkono.

Nilianza kulia. Fundi Rangi alisimama wima mbele ya mzee.

"Mlipoiweka ile picha mara ya kwanza," mzee alisema, "saa tatu na nusu. Alikuwa wapi?"

Mlinzi aliinamisha kichwa. Hakuna aliyekuwa anamlazimisha Fundi Rangi kujua jibu.

"Alikuwa amekaa kwenye kiti cha huyu ndugu, baba. Alikuwa anakusubiri wewe na chakula. Huyu aliiona picha, akaipita, kwa sababu yangu."

Mzee alivua tepu shingoni, akaikunja polepole mpaka ikawa kiduara kidogo, akaitia mfukoni.

"Saa tatu na nusu," alisema, "alikuwa bado ananijua."

Akageuka, akarudi ndani kwa mkewe.